Nyumba Njema si Mlango: Jioni Moja Mtaani Tassia



Mwezi uliopita nilifunga safari kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na sikwenda kutembea. Nilitumwa. Mama yetu, ambaye angali akiishi Kibokoni katika nyumba tuliyozaliwa, aliniita chumbani mwake baada ya sala ya Alfajiri akaniambia maneno machache: "Mwanangu, nenda kamchukue mdogo wako. Miaka mitatu yatosha."

Mdogo wangu ni mjane. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akifanya kazi katika uwanja wa ndege, na kwa ajili ya kazi hiyo walipanga nyumba katika mtaa wa Tassia, upande wa mashariki wa jiji. Alipofiwa, sisi wa nyumbani tulidhani kwamba akimaliza eda atafunga mizigo, awachukue wanawe wawili, arejee pwani. Hakurejea. Kila tulipomuuliza alijibu kwa upole ule ule: "Inshallah, lakini si sasa."

Basi nikapanda treni ya asubuhi katika stesheni ya Miritini. Mkononi nilibeba kikapu chenye achari ya maembe, visheti na mkate wa sinia; moyoni nilibeba hotuba niliyoipanga kwa siku nne. Reli hii mpya, iliyoanza kuchukua abiria mwaka 2017, huimaliza safari ya kilomita zipatazo 470 kwa saa tano au sita, ilhali wazee wetu walikuwa wakilala usiku kucha ndani ya gari moshi. Baada ya Mariakani minazi ilitupa mkono wa buriani, ikafuata miti ya miiba. Tulipofika Tsavo watoto waliinuka vitini kuwatazama ndovu, wekundu kwa udongo wa nchi ile. Mimi nilikuwa nikiirudia hotuba yangu. Nitamweleza jinsi Mama anavyozeeka. Nitamkumbusha madrasa ya watoto. Nitamwambia kuwa mwanamke peke yake katika mji wa wageni ni kama mtumbwi uliokatika kamba.

Treni humshusha msafiri Syokimau, nje kidogo ya jiji. Mdogo wangu alikuja kunipokea na teksi, tukaiacha Barabara ya Mombasa, tukapita Imara Daima na Pipeline, hata tukatokea Barabara ya Outer Ring. Dereva akasema tumefika Taj. Nikatazama kulia na kushoto nisione jengo la jina hilo. Mdogo wangu akacheka. Jengo la maduka lililoitwa Taj Mall lilibomolewa mwaka 2018, lakini kituo kingali kikiitwa kwa jina lake. Nikasema kimoyomoyo: huu ndio mji anaoupenda, ambao hata majina yake hayana nyumba.

Tassia ni mtaa uliojengwa kwenda juu. Ardhi yake ilikuwa mikononi mwa Hazina ya Taifa ya Hifadhi ya Jamii, ikagawanywa viwanja vidogo vidogo, na kila aliyepata kiwanja alipandisha ghorofa juu ya ghorofa, maana kupanuka kwa upande hakukuwa na nafasi. Nguo zaning'inia katika kila roshani. Ndege hupita chini chini zikielekea uwanjani, kiasi kwamba wenyeji hukatiza mazungumzo, wakangoja, kisha wakaendelea pale pale walipoachia. Ghorofa ya chini ya kila jumba ni biashara: kinyozi, duka la dawa, muuza mitungi ya gesi, mama anayekaanga chapati, vijana wanaouza mayai ya kuchemsha kwa kachumbari. Katikati ya honi za matatu nilisikia adhana ya Alasiri ikitoka upande nisioweza kuutambua, na kwa mara ya kwanza siku ile moyo ukatulia.

Lakini haukutulia kwa muda mrefu. Mtu akipita mbele ya majumba haya hawezi kujua ni lipi lililosimama juu ya msingi imara na lipi lililosimama kwa kubahatisha. Ijumaa moja ya Desemba 2019 jengo la ghorofa sita liliporomoka papa hapa Tassia, na watu wakapoteza maisha. Mama aliisikia habari ile redioni, na tangu siku hiyo kila likitajwa jina la mtaa huu hujishika kifua. Nilipokuwa nikizipanda ngazi kwenda ghorofa ya tano, nikipumzika kila kituo na mkono mmoja ukutani, nilizikagua nyufa za plasta kama daktari.

Nyumba ya mdogo wangu ilikuwa safi, na ilikuwa na mwanga. Cherehani ilikuwa dirishani, na kando yake sare za shule zilizokunjwa kwa rangi: kijani, buluu, damu ya mzee. Karibu na mlango wa jikoni nilihesabu mitungi kumi na miwili ya maji imepangwa mstari mmoja. Niliona, lakini sikuuliza.

Jumamosi, baada ya sala ya Maghrib, nikajiandaa kuanza hotuba. Mdogo wangu akanitangulia. "Dada, leo hatupiki. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mimi na masahibu zangu hula pamoja. Vaa baibui lako twende."

"Kula nini?"

"Pizza na pai."

Wasomaji wangu, nitasema kweli. Nilikunja uso. Niliona jambo hili kuwa ushahidi wa kesi yangu. Mtoto wa Kibokoni, aliyelelewa kwa wali wa nazi na samaki wa kupaka, sasa anakula mkate wa Wazungu barabarani usiku, na nani ajuaye kilichomo ndani yake?

Njiani, hata hivyo, akili yangu ilianza kunisuta. Mkate wa Wazungu? Kwetu Mombasa, jioni, muuzaji huutandaza unga hadi ukawa mwembamba kama kitambaa, akautia kima, yai na kitunguu, akaukunja pande nne na kuukaanga juu ya chuma bapa, nasi twauita mkate wa mayai. Kule Forodhani, Unguja, wachuuzi huuza ndugu yake kwa jina la pizza ya Zanzibar, na wageni husimama foleni. Jamaa wa mkate huo hupikwa Yemeni na Hijazi, na huko huitwa mutabbaq, yaani uliokunjwa. Hata hiyo pizza yenyewe haikuzaliwa katika majumba ya wafalme. Ni mkate wa mji wa Napoli, mji wa bandari kama wetu, uliokuwa ukiliwa na watu wa kazi wasio na muda wa kukaa mezani. Leo umekuwa na heshima zake: mwaka 2017 UNESCO iliuandikisha ufundi wa wapishi wa pizza wa Napoli katika orodha ya urithi wa utamaduni wa wanadamu. Bandari hujuana. Tofauti kubwa ni kwamba pizza huweka vilivyomo hadharani, ilhali pai, kama mkate wetu wa nyama na kama sambusa, huvificha. Ukitaka kujua ya ndani, sharti uvunje au uulize.

Mkahawa wenyewe ulikuwa chini ya jumba la ghorofa saba, mwendo wa dakika nne kutoka nyumbani. Meza sita, viti vya plastiki, sabuni na maji ya kunawa karibu na mlango, na nyuma ya kaunta tanuri la chuma linalotoa joto la kupendeza, maana usiku wa Nairobi humuuma mtu wa pwani. Pai zilipangwa katika kabati la kioo lenye taa: za nyama ya kusaga, za kuku, za spinachi na viazi, na ndogo za tufaha kwa wapenda tamu. Mezani tulikuta wanawake watatu wakitungojea, wakasimama wote kunipokea.

Sitawataja majina, kwa kuwa sikuwaomba ruhusa. Wa kwanza wote humwita Mwalimu, Mkamba wa Machakos, afundishaye shule ya msingi. Wa pili huitwa Nesi, Mluo, na kweli ni muuguzi. Wa tatu ni dada yetu katika Uislamu, mzaliwa wa Garissa, auzaye vitambaa na dera. "Karibu, dada mkubwa," walisema, "pole na safari." Walinipa kiti cha ndani kabisa, mbali na upepo wa mlangoni, kama wanavyopewa wakubwa.

Nilipoketi, jicho langu lilikwenda moja kwa moja ukutani. Kulikuwa na cheti cha halali ndani ya fremu. Nikafurahi. Kisha nikasoma tarehe, nikaona kwamba muda wake ulikwisha majuma saba yaliyopita.

Nilinyamaza. Niliona haya kuwaaibisha wenyeji wangu mbele ya wahudumu, na niliona haya zaidi kuonekana mshamba wa pwani aliyekuja kukagua jikoni za watu. Nikaazimia kusema kwamba sina njaa. Lakini Nesi alikuwa ameyafuata macho yangu. Aligeuka, akautazama ukuta, kisha akamwita kijana wa mkahawa kwa sauti ya kawaida kabisa, wala si ya ugomvi.

"Kijana wangu, cheti hiki kimepitwa na wakati. Mwite mama aje."

Akaniambia, "Usinishangae, dada. Kazini kwangu, kabla sijampa mgonjwa dawa husoma tarehe ya chupa. Chakula chenu nacho kina tarehe zake."

Mwenye mkahawa alitoka jikoni akijifuta unga mikononi, mwanamke wa makamo, wa Murang'a. Hakukasirika. Alieleza kwamba amekwisha kuomba cheti kipya na wakaguzi hawajarudi. Alisema kuwa nyama ya nguruwe haijapata kuingia jikoni mwake tangu afungue, kwamba kuku na ng'ombe hununua kwa mchinjaji Mwislamu, na akaleta daftari la stakabadhi bila ya kuombwa. Dada wa Garissa alimjua mchinjaji yule. "Lakini, mama," akanielekea mimi, "ikiwa nafsi yako haijatulia, usijilazimishe. Pai ya spinachi ipo, na sinia yake nitaiosha mbele yako."

Nikasema nitakula ya spinachi. Mdogo wangu naye akasema ya spinachi. Dada wa Garissa, ambaye hakuwa na shaka yoyote, akasema hivyo hivyo. Ndipo Mwalimu akaifunga orodha ya vyakula, akaagiza pai kubwa ya spinachi na viazi, na pizza mbili za mboga: nyanya, uyoga, pilipili hoho na zeituni.

"Ninyi kuleni nyama," niliwaambia kwa aibu. "Msijinyime kwa sababu yangu."

"Meza yetu hula kwa kushirikiana," akajibu Mwalimu. "Nikiweka mbele yangu sahani usiyoweza kuigusa, tutakuwa tumekuja kula katika meza mbili."

Wakati tukingoja, Mwalimu alituchekesha kwa habari za pizza ya Hawaii, ile yenye nanasi. Haikutoka Hawaii hata kidogo. Ilibuniwa Kanada mwaka 1962 na mhamiaji wa Kigiriki aliyeitwa Sam Panopoulos, na jina alilipata katika kopo la nanasi. Nikasema kwamba kama angelionja nanasi la pwani yetu, asingelithubutu kulitia motoni. Hata kijana wa kaunta akacheka. Katika mkahawa huu hutiwa kuku pamoja na nanasi, lakini penginepo, akinitahadharisha Nesi, pizza ya jina hilo huwa na paja la nguruwe. Neno hilo nawafikishia ninyi kina mama kama nilivyolipokea.

Pai ilipoletwa ilikuwa na ukubwa wa sinia ya chai, mgongo wake umetiwa rangi ya dhahabu na yai, na katikati tundu la kutolea mvuke. Sote tulinyamaza kidogo. Sisi watatu tukapiga bismillahi, na Mwalimu na Nesi wakainamisha vichwa kwa dua yao. Mwalimu akaikata vipande vitano, mvuke ukapanda na harufu ya bizari nyembamba na kitunguu saumu. Kisha Nesi akakichukua kipande cha kwanza, kile chenye ukoko mzuri zaidi, akamwekea mdogo wangu, si mimi mgeni. Niliona ni ajabu, kwani katika mengine yote adabu zao zilikuwa kamili.

"Samahani, dada mkubwa," akasema. "Kipande cha kwanza cha pai hii ni chake. Ndivyo tulivyoanza."

"Mlianzaje?"

Mdogo wangu akaitazama sahani yake. Wenzake wakatazamana. Aliyesema hatimaye ni dada wa Garissa, na alisema polepole.

"Alipofiwa mumewe, alikaa eda pale pale nyumbani kwake, kama ipasavyo. Miezi minne na siku kumi. Siku zile maji yalikuwa yakifika mara mbili tu kwa juma, usiku wa manane, na pampu ya jumba lao imeharibika. Hayakuwa yakipanda. Watu walikuwa wakigombania bomba la uani, na yeye hakuweza kushuka kusukumana na watu. Basi tukapeana zamu. Mitungi sita kila usiku wa maji, ghorofa tano."

"Nesi alikuwa akitoka zamu ya hospitali, halafu anaingia zamu ya maji," akasema Mwalimu. "Mimi niliwachukua watoto shuleni pamoja na wangu. Kwanza sikuelewa jambo lenyewe. Nilidhani amefungiwa. Huyu akaniketisha akanifafanulia eda ni nini, nikaona kwamba kumbe mwanamke amepewa muda wa kulia bila ya kudaiwa kitu. Nikasema, haya, basi kazi yetu ni kuulinda muda huo."

"Na sare?" nikauliza, kwa kuwa sasa nilikuwa nimeanza kuuliza.

"Nesi alikuwa akiwapima watoto wa wateja, akiandika vipimo katika karatasi za hospitali. Mwenzetu alishona. Hakukosa kodi hata mwezi mmoja."

Siku eda ilipokwisha, waliendelea kusema, walikwenda kwake jioni wakamkuta amekoga, amevaa dera jipya, amekaa kitandani haendi popote. Wakamuuliza angependa kupelekwa wapi. Bustanini? Mjini? Akasema, "Nataka kushuka ngazi tu, nikae mahali penye watu." Wakamteremsha, mmoja mbele na mmoja nyuma, kama anayejifunza kutembea. Mkahawa huu ulikuwa ndio kwanza umefunguliwa, na saa ile katika kabati la kioo kilikuwa kimebaki kitu kimoja: pai ya spinachi na viazi. Wakainunua, wakaikata, wakampa kipande cha kwanza.

Sikuweza kusema neno. Katika siku zile mimi nilikuwapo Tassia kwa siku saba. Tulisoma hitima, nikampa mdogo wangu mawaidha ya subira, nikarudi kwenye shughuli zangu Mombasa. Kila Ijumaa nilimpigia simu, naye akaniambia, "Alhamdulillahi, tu salama." Nilimuuliza kama anasali, kama watoto wanasoma, kama anakula. Sikumuuliza maji yanapandaje ghorofa ya tano. Usiku ule nilikuwa nimetumia robo saa nikihofia nyama nisiyoijua imetoka wapi, na nilikuwa na haki ya kuhofu. Lakini ndugu yangu wa tumbo moja nilimwacha miezi minne bila ya kuuliza anaishi kwa mikono ya nani.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa Tassia miaka mitatu, nikiyasoma mambo yake kwa nyufa za ukuta.

Nilikula. Pai ilikuwa nzuri, na ukoko wake ulivunjika kwa siagi. Spinachi ilikuwa imekolea chumvi na viazi vimebaki na umbo lake. Pizza ilikuwa ya moto mno, jibini likavutika kama uzi wa cherehani, na mdogo wangu akafanya mzaha wa kulikata kwa mkasi. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu msiba. Tulikaa hata mwenye mkahawa akaanza kupindua viti juu ya meza. Nikataka kulipa kama mkubwa, wakanikatalia. Hesabu ya mwisho wa mwezi ni ya mchango, na mgeni halipi.

Tulipokuwa tukizipanda ngazi, mdogo wangu akasimama ghorofa ya tatu ili nipumue.

"Dada, najua ulitumwa."

"Nilitumwa."

"Mwambie Mama sijaikimbia Kibokoni. Lakini nikirudi leo, kila mlango nitakaoingia nitakuwa mjane wa fulani, masikini, apewe kiti. Hapa mimi ni fundi. Shule tatu huvaa sare zangu. Na hawa uliowaona, bado sijamaliza kuwashukuru."

Ile hotuba ya siku nne niliirudisha kikapuni. Nilimwambia neno moja tu kati ya yote niliyoyapanga: kwamba Mama anazeeka. Akalia, nami nikalia, tukiwa tumekaa ngazini, hata jirani mmoja akapita akatuambia pole bila ya kuuliza sababu.

Kabla sijamaliza, nawapa wasomaji niliyojifunza kuhusu chakula cha nje, maana wengi tuna watoto na ndugu waliotawanyika katika miji. Kwanza, cheti cha halali kisomwe tarehe, kisitazamwe fremu tu. Pili, ulizeni mambo matatu kwa upole: nani aliyechinja, je, tanuri na sinia hutumika pia kwa nguruwe, na jibini limegandishwa kwa kitu gani, hili la jibini lina maelezo yake, na kila mtu amuulize shehe wake. Tatu, msione haya. Muuzaji mwaminifu haumizwi na swali, na anayekasirika amekwisha kujibu. Nne, mkiona shaka, pai ya mboga haijapata kumdhuru mtu, na huenda mkagundua, kama mimi, kwamba walioketi nanyi wako tayari kula mnachokula.

Lakini la tano ni kubwa kuliko hayo manne. Sura ya tano ya Qur'ani Tukufu imepewa jina la meza iliyotandikwa chakula, Al-Maida, na kila mara nisikiapo jina hilo sasa huwakumbuka wale wanawake watano na pai moja. Tunapowapigia simu wetu walio mbali, tusiishie kwenye salamu na nasaha. Tuwaulize maji yanapandaje.

Nilirejea Mombasa peke yangu. Mama alikuwa ameketi barazani, akaangalia nyuma yangu kama kuna anayefuata, kisha akaangalia usoni mwangu. Nikamsimulia yote kama nilivyowasimulia ninyi. Hakunikatiza mpaka nilipofika kwenye mitungi.

"Nani aliyepandisha maji?"

"Majirani zake, Mama."

"Waislamu?"

"Mmoja. Wawili si Waislamu."

Alikaa kimya muda mrefu, akiuzungusha ushanga wa tasbihi kidoleni.

"Waambie waje Idi, wote, na watoto wao," akasema mwishoni. "Nitawapikia mkate wa nyama kwa mkono wangu." Nilikuwa nimekwisha kuinuka kwenda ndani aliponiita tena. "Uliza kwanza, mwanangu. Wanakula pilipili?"